Pedeli ya kiki na mguu wa mpigaji: mkanda, cheni au ufito?

Katika kumbi za mazoezi za bendi na kwaya hapa Tanga, seti ya dramu kwa kawaida ni mali ya kikundi. Mpigaji huja na vijiti vyake, hurekebisha kiti, husogeza matoazi kidogo, kisha huweka mguu juu ya pedeli ya kiki, yaani chombo cha kukanyaga kinachoipiga ile ngoma kubwa ya chini, ambayo hakuichagua na ambayo pengine watu wanne wamekwisha kuikanyaga kabla yake. Ndiyo maana siku anapopata fedha za kununua pedeli yake mwenyewe huuliza mambo mawili tu, jina la kampuni na bei, ilhali hayo mawili hayamwambii lolote kuhusu namna mguu wake utakavyosogea juu ya chombo hicho kwa miaka mitano ijayo.

Kwa muda wote niliopiga dramu, kwanza kanisani na baadaye katika bendi ya dansi, nimefikia kuamini kwamba pedeli huufundisha mguu. Iliyo nzito huuzoesha kusukuma kwa paja, iliyo nyepesi huuzoesha kutumia kifundo, na iliyolegea viungo huuzoesha kuwahi pigo ili kufidia ulegevu ule. Nayo mazoea hayo hubaki mguuni hata baada ya pedeli yenyewe kuuzwa. Kwa hiyo ulinganisho huu unaanzia mguuni na kuelekea kwenye chuma, na palipo na uamuzi wangu binafsi nitausema waziwazi, ili msomaji mwenye mguu wa namna nyingine aweze kuupima na kuukataa.

Mguu unavyopiga

Kuna namna mbili za msingi, na nyingine zote huzaliwa humo. Ya kwanza ni kisigino chini: wayo wote hulala juu ya kikanyagio, kisigino hutulia kwenye bamba la nyuma, na kifundo ndicho kinachofanya kazi, kikisaidiwa na shavu la mguu wakati wa kukandamiza na misuli ya mbele ya muundi wakati wa kuinua. Sauti inayotoka ni ya wastani, kirungu, yaani kile kijiti chenye kichwa kinachoigonga ngoma, hurudi chenyewe baada ya kugusa ngozi, na mpigaji huweza kupiga taratibu na kwa upole bila mwili wake kuyumba kitini. Ya pili ni kisigino juu: mguu husimama kwa sehemu ya mbele ya wayo, paja huinuka na kushuka kutoka nyonga, na uzito wa mguu mzima huingia katika pigo. Sauti huwa kubwa zaidi, na wapigaji wengi wa namna hii huacha kirungu kiendelee kuikandamiza ngozi baada ya pigo badala ya kukiachia kirudi, jambo linalokata mvumo wa ngoma na kuufanya mlio uwe mfupi na mkavu.

Kutokana na hizo mbili zimepatikana mbinu za kupiga mapigo mawili ya haraka kwa mguu mmoja. Katika kutelezesha, mguu hupiga pigo la kwanza ukiwa nyuma kidogo, kisha huteleza mbele na kupiga la pili kabla kikanyagio hakijamaliza kupanda. Katika mbinu ya kisigino na ncha, kushuka kwa kisigino hutoa pigo la kwanza na kushuka kwa ncha ya mguu hutoa la pili, kwa namna ya mtu anayetikisa wayo juu ya sakafu. Ugumu wa mbinu hizi ni wa muda: katika mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, ukiligawa kila pigo mara nne, nafasi kati ya noti moja na inayofuata ni sehemu moja ya nane ya sekunde, na ndani ya nafasi hiyo kirungu kinapaswa kuiacha ngozi, kurudi nyuma, kusimama na kwenda tena. Mguu hauwezi kukirudisha kirungu kwa kukivuta, kwa kuwa haujafungwa kwenye kikanyagio. Kurudi huko kunategemea springi, mdundo wa ngozi na umbo la pedeli, na hapo ndipo ununuzi mbaya unapoonekana hata kwa mtu mwenye mguu mzuri.

Mkanda, cheni na ufito

Pedeli zote za leo hufanya jambo lilelile. Kikanyagio kinaposhuka huivuta ekseli iliyo juu, ekseli huzunguka, kirungu kilichofungwa juu yake huigonga ngozi, na springi hukirudisha. Kinachotofautiana ni kile kinachounganisha kikanyagio na ekseli. Swali la kasi katika kiungo hicho ni la zamani: William F. Ludwig wa Chicago alipopata hataza ya pedeli yake mwaka 1909, shida iliyomsukuma ilikuwa kwamba pedeli alizozikuta hazikuweza kuifuata kasi ya muziki wa ragtaimu. Miaka zaidi ya mia moja imepita, na bado tunachagua kati ya majibu matatu.

Mkanda ndio wenye upole zaidi. Zamani ulikuwa wa ngozi, na siku hizi hutengenezwa kwa nailoni au kitambaa kigumu cha namna hiyo. Hauna uzito wa kuhesabika, haupigi kelele, na hukunjika bila upinzani, kwa hiyo mguu husikia karibu kila kitu ambacho kirungu kinafanya. Mpigaji wa kisigino chini huupenda kwa sababu kifundo hakibebi chuma cha ziada, na pigo dogo la kunong'ona, lile linalohitajika mwimbaji anapoanza ubeti wa kwanza wa wimbo wa polepole, hutoka bila kulilazimisha. Udhaifu wake ni kwamba huweza kurefuka kidogo kadiri unavyotumika, na mpigaji wa kisigino juu mwenye paja zito huhisi kwamba nguvu zake zinapotea njiani.

Cheni ndiyo utakayoikuta katika maduka mengi, na kuna sababu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Drum Workshop ya Marekani ilinunua mitambo iliyokuwa ikitengeneza pedeli za Camco, na pedeli ya cheni iliyotokana na mitambo hiyo ilienea sana katika miaka ya 1980, hata kampuni nyingine zikafuata. Cheni hairefuki kirahisi, na uzito wake, ingawa ni mdogo, huongeza msukumo wa kikanyagio kinaposhuka. Kwa mpigaji wa kisigino juu uzito huo ni msaada, kwa kuwa mguu ukishaanza kushuka cheni hushuka nao. Ile ya safu mbili huzuia pia kikanyagio kuyumba kushoto na kulia, jambo lenye maana kwa mtu ambaye mguu wake huangukia pembeni kila anapochoka.

Hata hivyo cheni ina pingili nyingi, na kila pingili ina pini yake. Nililijua hili kwa gharama. Kwa majuma kadhaa pigo la pili la kila jozi lilikuwa likija nyuma kidogo ya gitaa la besi, nami nikadhani ni uchovu, nikaanza kuliwahi bila kujua kwamba naliwahi. Hatimaye niliipeleka pedeli kwa fundi baiskeli katika mojawapo ya zile barabara za namba za Ngamiani, kwa kuwa mtu anayeshinda na cheni za baiskeli tangu asubuhi hadi jioni anazijua kuliko muuza vyombo vya muziki. Aliilaza juu ya goti, akaipitisha cheni polepole juu ya kidole gumba, pingili moja baada ya nyingine, na kila moja ilijikunja na kuanguka upande wa pili isipokuwa ya tano, ambayo ilibaki imenyooka, imesimama juu ya kucha yake kama kijiti. Kutu ilikuwa imeingia kwenye pini. Alidondosha matone mawili ya mafuta ya cherehani, akaikunja huku na huku kwa koleo ndogo mpaka ikaanguka kama wenzake, kisha akaifuta cheni nzima kwa kitambaa ili mafuta yaliyobaki nje yasishike vumbi. Kazi ile haikuchukua hata robo saa. Mguu wangu, kwa upande wake, uliendelea kuliwahi pigo la pili kwa zaidi ya mwezi mzima baada ya cheni kupona, na ilinibidi nirudi kwenye mazoezi ya polepole kama mwanafunzi ili kuutoa mazoea hayo.

Jibu la tatu ni ufito, yaani kipande kigumu cha chuma badala ya mkanda au cheni. Wapigaji huziita pedeli hizi dairekti. Ludwig Speed King, iliyotoka mwaka 1937, ni ya namna hii, na springi zake zimefichwa ndani ya nguzo mbili za pembeni. Miongoni mwa zilizokuja baadaye sana zimo za Axis, za Trick, na Demon Drive ya Pearl. Ili kuelewa tofauti yake, tazama kinachotokea kirungu kinaporudi nyuma. Katika pedeli ya cheni au mkanda, ekseli hukivuta kikanyagio juu. Kirungu kinapofika mwisho wa safari yake na kuanza kupunguza mwendo, kikanyagio bado kinapanda kwa msukumo wake, na kwa kitambo kidogo sana cheni hulegea. Mguu ukishuka wakati huohuo hula kwanza ulegevu ule kabla ya kukigusa kirungu. Ufito hauwezi kulegea, kwa hiyo kikanyagio na kirungu huenda pamoja na kurudi pamoja, na mguu hupata jibu la papo hapo.

Kwa mapigo mawili ya haraka, na hasa kwa kisigino na ncha, hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa pigo la pili hutegemea mguu kukikuta kikanyagio mahali ulipokitarajia. Lakini ufito hauna msamaha. Mguu unaotua kwa mashaka husikika umetua kwa mashaka, na mpigaji aliyezoea kuegemea ulegevu wa cheni ili kupata mdundo wa nyuma kidogo ya pigo, ule unaoupa muziki wa dansi mwendo wake wa kutembea bila haraka, hujikuta akipiga mbele ya wenzake bila kukusudia. Nimewaona wapigaji wawili wazuri wakiirudisha dairekti baada ya mwezi mmoja kwa sababu hiyo, na sioni kama walikosea.

Ni vema pia kutodhani kwamba ufito ni wa watu wa miguu myepesi peke yao. John Bonham, mpigaji dramu wa bendi ya roki ya Uingereza Led Zeppelin, ambaye nguvu za mguu wake hazihitaji kuelezwa, alipiga kwa Speed King juu ya ngoma ya inchi 26, na mlio wa kukwaruza wa pedeli hiyo unasikika hata ndani ya rekodi za bendi yake. Pedeli haitoi nguvu. Inaamua tu ni kwa njia gani nguvu za mguu zitafika kwenye ngozi.

Gurudumu la juu

Kati ya cheni na ekseli kuna kipande ambacho cheni huzungukia, nacho huitwa kamu, kama ilivyo kwenye injini ya gari. Wanunuzi wengi hawakitazami kabisa, ingawa kwa maoni yangu kinaubadilisha mguu kuliko tofauti ya mkanda na cheni yenyewe.

Kamu ya duara kamili ina kipenyo kilekile mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo kila sentimeta ambayo mguu unashuka hukisogeza kirungu kwa kiasi kilekile. Mguu hujifunza uhusiano huo mara moja na kuutumia popote: pigo dogo ni mwendo mdogo, pigo kubwa ni mwendo mkubwa. Kamu isiyo duara, iliyo na umbo linalokaribia yai, hubadilisha kipenyo njiani. Mwanzoni mwa pigo kirungu huenda taratibu. Kinapoikaribia ngozi kipenyo kinachofanya kazi hupungua, na kirungu huongeza kasi bila mguu kuongeza mwendo. Pigo hufika na uzito zaidi, na mpigaji wa kisigino juu hupata sauti kubwa kwa jasho dogo. Kampuni ya Tama imeiuza pedeli yake ya Iron Cobra kwa namna zote mbili, Rolling Glide ikiwa ya duara na Power Glide ikiwa ile inayoongeza kasi, na mtu akibahatika kuzikanyaga zote mbili siku moja ataelewa kwa dakika tano kile ambacho mimi ninakieleza kwa aya mbili. Pearl Eliminator nayo huja na kamu kadhaa za kubadilisha, za rangi tofauti.

Kasoro ya kamu ya yai ni ya mafunzo. Kasi hiyo ya mwisho hujitokeza tu iwapo mguu umepiga kwa kina. Mapigo madogo ya katikati ya mwendo hutoka na nguvu zisizolingana, na mtu anayejifunza hubaki akijiuliza kwa nini mapigo yake manne hayafanani ilhali mguu umefanya jambo lilelile mara nne. Kwa mwanafunzi wa kwaya au kijana aliye katika mwaka wake wa kwanza au wa pili, ninasema bila kusita kwamba achukue kamu ya duara. Kwa mpigaji wa bendi ya ukumbini ambaye mara nyingi hana maikrofoni mbele ya kiki, na ambaye anapambana na magitaa mawili yenye vikuza sauti, kamu ya yai ni haki yake.

Kikanyagio kifupi au kirefu

Kikanyagio kifupi kina bamba la kisigino lililotenganishwa nacho kwa bawaba, na bawaba hiyo hukaa karibu na katikati ya wayo au nyuma yake kidogo. Kikanyagio kirefu hurudisha bawaba nyuma kabisa, bamba la kisigino likibaki dogo au lisiwepo. Tofauti inaonekana ndogo kwenye picha, lakini ni tofauti ya wenzo: kadiri mguu unavyokaa mbali na bawaba ndivyo unavyohitaji nguvu ndogo zaidi kukishusha kikanyagio, na ndivyo unavyohitaji kusafiri zaidi ili kirungu kifike kwenye ngozi.

Kwa kisigino chini, kifupi hakina mpinzani. Kisigino kina mahali pake pa kukaa, na urefu wa wayo unalingana na urefu wa kikanyagio. Juu ya kirefu, mpigaji wa kisigino chini hulazimika ama kuweka kisigino juu ya sehemu inayosogea, jambo linalomchosha muundi, ama kurudi nyuma mpaka ncha ya mguu inafika katikati tu ya kikanyagio, ambako wenzo umepungua na pedeli ghafla inaonekana nzito.

Kwa mapigo mawili ya haraka mambo hugeuka. Mguu unaoteleza unahitaji uwanja wa kutelezea, na mguu wa kisigino na ncha unahitaji kisigino kitue juu ya sehemu inayosogea, kwani kikitua juu ya bamba lisilosogea pigo la kwanza halipo. Mtu mwenye mguu mkubwa hulihisi hili mapema zaidi: juu ya kifupi, ncha ya mguu hufika karibu na nguzo na kugonga cheni. Mtu mwenye mguu mdogo, wakiwamo dada zetu wachache wanaopiga dramu kanisani na ambao ningependa kuwaona wakiongezeka, mara nyingi hufanya vizuri juu ya kifupi, kwa kuwa hawahitaji kuunyoosha mguu kutafuta mahali penye wenzo mzuri. Demon Drive inaweza kugeuzwa kutoka kifupi kuwa kirefu kwa kubadilisha mpangilio wa sehemu ya kisigino, na kwa mtu ambaye hajaamua mguu wake ni wa namna gani hilo lina thamani, ingawa bei yake inaifanya iwe mbali na wengi wetu.

Hapa pana jambo la kwetu ambalo maelezo ya watengenezaji hayaligusi. Wengi wetu hupiga pekupeku au kwa soksi, kwa sababu ya joto na kwa sababu ya desturi. Mguu mtupu hushika chuma, hasa ukiwa na jasho, na kutelezesha huwa karibu haiwezekani. Soksi huteleza vizuri, wakati mwingine kupita kiasi. Usiijaribu pedeli ukiwa umevaa viatu vya safari ikiwa jukwaani utavua. Na kandambili zisikaribie pedeli kabisa, kwa kuwa soli laini hukunjika chini ya ncha ya mguu na kuondoa hisia yote.

Springi na kirungu

Haya mawili hurekebishwa, kwa hiyo hayapaswi kuamua ununuzi, lakini watu wengi huilaumu pedeli kwa kosa la marekebisho. Springi iliyokazwa sana hukirudisha kirungu upesi, na kwa malipo hayo hudai nguvu katika kila pigo. Mpigaji wa kisigino chini huanza kuhisi moto kwenye shavu la mguu baada ya nyimbo tatu, huku mpigaji wa kisigino juu akiuona mvuto huo kuwa msaada, kwa sababu springi inamnyanyulia mguu. Iliyolegea hukifanya kirungu kizurure, na pigo la pili hukikuta bado kiko njiani kurudi. Kanuni ninayoitumia ni kuuweka mguu wote juu ya kikanyagio na kuupumzisha kabisa: kirungu kisogee mbele kidogo kwa uzito wa mguu, lakini kisiifikie ngozi.

Kirungu cha sufu iliyoshindiliwa hutoa sauti ya mviringo, cha mbao au plastiki hutoa mlio mkali unaopenya kelele. Kilicho kizito, au kilichoinuliwa juu sana kwenye kishikio chake, hupiga kwa nguvu zaidi na kurudi kwa uvivu. Mtu anayehangaika na kasi aanze kwa kukishusha kirungu sentimeta moja kabla ya kufikiria kununua pedeli nyingine, mradi bado kinapiga karibu na katikati ya ngozi. Juu ya ngoma ya inchi 22 nafasi hiyo ipo, juu ya ile ya inchi 18 pedeli nyingi hupiga juu ya katikati hata hivyo.

Kuhusu pedeli pacha, ile yenye virungu viwili kwa miguu miwili, nitasema machache. Kirungu cha kushoto huendeshwa kwa ufito mrefu wenye viungo, na viungo hivyo huongeza uzito na ulegevu, kwa hiyo mguu wa kushoto haulingani na wa kulia hata katika pedeli nzuri. Katika dansi, taarabu na nyimbo za kwaya za huku mguu wa kushoto una kazi yake kwenye haihati, yale matoazi mawili yanayofungwa na kufunguliwa kwa mguu, na sijaona wimbo wetu uliokosa kitu kwa kukosa pedeli pacha.

Hewa ya bahari

Tanga ni mji wa pwani, na chumvi haiulizi jina la kampuni. Harusi moja ya jioni pale Raskazone, upepo ukitoka baharini moja kwa moja hadi jukwaani, huiachia pedeli unyevu ambao mtu wa Dodoma hataufahamu. Mkanda wa nailoni hauna cha kuliwa na kutu. Mkanda wa ngozi hunyonya unyevu na kubadilika urefu, nami nisingeupendekeza huku hata ukiwa wa zawadi. Cheni huhitaji kufutwa kwa kitambaa kikavu kila baada ya onyesho la nje na tone la mafuta mara kwa mara. Ufito una viungo vichache kuliko cheni, lakini viungo hivyo hutegemea beringi ndogo, na beringi ikiingia kutu hakuna fundi baiskeli atakayeifufua. Inabadilishwa, na ya ukubwa uleule si rahisi kuipata dukani hapa mjini. Springi na skurubu za kukaza kirungu hupotea au kufa kwa wote sawasawa, na ni busara kubeba za akiba pamoja na ufunguo wa ngoma.

Kwa hesabu ya matengenezo, basi, cheni ya safu moja ndiyo inayoongoza hapa, kwa kuwa pingili na mikono ya kuitengeneza vimejaa mji mzima. Mkanda wa nailoni unaifuata kwa karibu, kwani hata ukikatika unaweza kupata kipande kigumu cha kukuvusha usiku mmoja. Ufito uko nyuma, si kwa ubaya wake, bali kwa umbali wa spea zake.

Nikiulizwa na mtu mmoja mmoja, hujibu hivi. Kijana wa kwaya anayejifunza achukue kikanyagio kifupi, cheni ya safu moja na kamu ya duara, hata kama ni ya mkono wa pili. Mpigaji wa dansi anayepiga muziki wa mkondo ule ambao Atomic Jazz na Jamhuri Jazz ziliupatia Tanga jina, ambako kiki inatakiwa kutembea chini ya besi bila kuifunika, ajaribu mkanda wa nailoni kabla ya kitu kingine. Atashangaa jinsi mguu unavyotulia. Anayepiga injili ya kisasa yenye mapigo mengi ya haraka, na ambaye tayari ana kisigino na ncha kilichokomaa, ana sababu ya kuitafuta dairekti ndefu. Ambaye mbinu hiyo bado haijamkaa asitumaini kwamba dairekti itamfundisha, kwa kuwa nimeona kinyume chake mara nyingi zaidi.

Ukienda kuinunua ya mtumba, iwe Kariakoo au kwa mwenzako anayeuza, nenda na viatu au soksi zako za jukwaani. Kabla ya kuikanyaga, shika kirungu kwa vidole viwili na ukitikise kushoto na kulia: kikicheza, beringi za ekseli zimekwisha. Kisha kivute nyuma na ukiachie bila kukanyaga, uhesabu kinarudi na kwenda mara ngapi kabla ya kusimama. Pedeli nzima hucheza muda mrefu na kutulia polepole, iliyochoka husimama baada ya kwenda na kurudi mara mbili tatu tu kama imekwama kwenye mchanga. Ipitishe cheni juu ya kidole gumba, pingili kwa pingili. Halafu omba iwekwe kwenye ngoma halisi, kaa kwenye kiti cha kimo chako, na upige polepole sana kwa dakika mbili kamili, kisigino chini, ukimwacha muuzaji aseme anachotaka.